Hakuna swichi moja ya intaneti

Wengi huamini kwamba serikali ikitaka kuzima intaneti, kuna swichi ofisini, mtu anabonyeza, basi. Sivyo. Nchini India, chini ya kanuni za mwaka 2017, zilizotumika hadi 2024, kazi ilianza na karatasi: amri ya afisa mwandamizi ilipelekwa kwa kampuni za simu, nazo ndizo zilizokata. Katika eneo la Kashmir, intaneti ilizimwa Agosti 2019. Januari 2020 ikarudi 2G tu, mtandao wa zamani wa polepole, picha moja ikifunguka kipande kwa kipande. 4G, yenye kasi zaidi, kwa sehemu kubwa ya eneo ilisubiri hadi Februari 2021. Kwangu karatasi hiyo ndiyo kiini, maana amri iliyoandikwa hupingika mahakamani. Tarehe 10 Januari 2020 Mahakama ya Juu ya India iliamua kuwa intaneti haiwezi kuzimwa bila kikomo, na amri za kuizima zichapishwe.