Mjumbe wa baraza la chama cha taaluma: maana yake nini hasa?

Baraza kwa asili ni pale mbele ya nyumba, upande wa njiani, wanapokaa watu wa Lamu au Unguja jioni wakinywa kahawa na kuzungumza. Leo tunaliita baraza hata kundi la watu kumi na kitu waliojifungia kwenye chumba chenye kiyoyozi wakijadili ada ya chama. Neno hilo halina shida. Linalopotosha ni mjumbe.

Mjumbe tunayemjua ni mtu aliyetumwa. Anabeba maneno ya wenzake, anayafikisha, na kwa kuwa si yake, hauawi. Basi wengi wanaochaguliwa kuingia baraza la uongozi la mawakili, madaktari au wahandisi huingia wakijiona wametumwa na waliowapigia kura. Sivyo. Mjumbe wa baraza amechaguliwa kuamua, na anaamua kwa niaba ya chama kizima, wakiwemo waliomnyima kura.

Chukua Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK. Sheria yake ya 2014 inataka baraza la watu 13: rais, makamu wake na wengine 11. Kati ya hao, watatu wanachaguliwa kwa Nairobi, mmoja kwa Pwani na wanne kwa sehemu nyingine za nchi. Faida yake inaonekana: wakili wa Kilifi naye asikike, asimezwe na wingi wa Nairobi. Lakini akishaketi, mjumbe wa Pwani anapitisha bajeti ya mawakili wote. Fedha zikivuja Kisumu au Nakuru, hawezi kujitetea kwamba yeye alikwenda kwa ajili ya Mombasa.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Linaletwa kabrasha nene, sehemu kubwa hesabu tupu. Ajenda ni zile zile: kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, taarifa ya fedha, mengineyo. Sasa mfikirie kijana aliyeomba kura kwa ahadi ya kupunguza ada. Anafungua taarifa ya fedha, anakuta ada hiyo hiyo ndiyo inayolipa pango, mishahara ya sekretarieti na mafunzo ya wanachama. Anaweza kupinga, tena kwa nguvu, na kuomba pingamizi lake liandikwe kwenye muhtasari. Akishindwa kwa kura, uamuzi unakuwa wake pia. Huu ndio uwajibikaji wa pamoja, na kwa maoni yangu ndilo jambo gumu kuliko yote katika kiti hicho. Kutoka kikaoni na kuandika kwenye kundi la WhatsApp "mimi nilikataa" ni kutafuta sifa kwa kuwaangusha wenzako. Kama uamuzi haumezeki kabisa, kuna barua ya kujiuzulu.

Halafu kuna kutangaza maslahi. Hoteli inayoomba kuandaa mkutano mkuu ikiwa ya shemeji yako, unasema kabla mjadala haujaanza, unatoka nje, na muhtasari unaandika kwamba ulitoka.

Watu huchanganya pia baraza la chama na chombo cha usajili. Tanzania, wahandisi wana taasisi yao, na wana Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ya pili ndiyo yenye rejista, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kufanya kazi hiyo. Kwa mawakili wa Bara, anayelalamikiwa hupelekwa mbele ya Kamati ya Mawakili. Baraza la Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, halimfuti mtu uwakili, hata wajumbe wake wote wakikasirika.

Hata hivyo viti vyake vinagombewa kweli kweli. Tundu Lissu alichaguliwa rais wa TLS, katika uchaguzi uliofanyika Arusha, mwaka 2017 akiwa mbunge, na mwaka uliofuata masharti yakakazwa, wabunge, madiwani na viongozi wa vyama vya siasa wakazuiwa kugombea. Mwaka 2024 wakili Boniface Mwabukusi aliondolewa kwenye orodha ya wagombea, Mahakama Kuu ikamrudisha, akashinda urais wa TLS huko Dodoma. Kwa kiti cha kubeba salamu tu, nani angefika mahakamani?

Na malipo? Kwa vyama vingi ni kazi ya kujitolea. Mjumbe hupata posho ya kikao na nauli, na siku hiyo ofisini kwake faili zinamsubiri.