Makabati ya Jikoni ya Kiskandinavia: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Kuna picha moja ambayo kila anayejenga au kukarabati nyumba ameshaiona. Jiko jeupe pe, milango ya makabati bapa isiyo na kishikio hata kimoja, juu ya kaunta hakuna hata kijiko, na dirishani kuna mmea mmoja kwenye chungu. Mtu anaipenda, anamwonyesha seremala kwenye simu, na seremala anatengeneza alichoonyeshwa. Baada ya miezi michache mwenye nyumba analalamika kwamba jiko lake linafanana na zahanati. Picha haikumdanganya, ila haikumweleza kwa nini mambo yalifanywa hivyo huko yalikotoka, yaani Skandinavia: Denmark, Norwe na Uswidi.

“Lazima yawe meupe”

Hili ndilo linaloaminiwa kuliko yote, nalo ndilo linaloharibu majiko mengi. Jijini Stockholm mwezi Desemba mchana hudumu saa sita hivi tu. Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kwa watu wanaoishi hivyo, rangi nyeupe ina kazi: inakamata mwanga mdogo uliopo na kuurudisha chumbani. Ukiichukua nyeupe hiyo hiyo ukaipaka kwenye jiko lenye dirisha kubwa na jua la kutosha, utakachopata ni mng'ao unaoumiza macho.

Na hata huko kwao hawakuwahi kuwa watu wa nyeupe peke yake. Nyumba ya mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin, pale Sundborn nchini Uswidi, imejaa rangi nyekundu na kijani. Samani za Denmark zilizopata sifa duniani katika miaka ya 1950 na 1960 nyingi zilikuwa za msaji, mti wa kahawia iliyokolea. Kwa hiyo kabati la kahawia, la kijani kilichofifia au la rangi ya mchanga halitoki nje ya mtindo huu. Mimi ningemshauri mtu anayetaka jiko lenye joto aanze na nyeupe iliyotiwa tone la njano au kijivu, kisha sehemu moja, tuseme makabati ya chini, aiache ionyeshe mbao.

Usichague rangi kwenye kikaratasi kilicholazwa mezani. Milango ya kabati husimama wima, na rangi iliyosimama wima hupokea mwanga tofauti na iliyolala. Omba kipande cha ubao kilichopakwa, kiegemeze ukutani pale kabati litakapokaa, kitazame asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Hizo taa nazo zina neno. Za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa kwenye pakiti ya balbu) 2700 hadi 3000 huipa mbao uhai. Ukipanda 4000 na zaidi, mbao ile ile inaonekana imepauka kama mgonjwa. Watu wengi hulaumu kabati wakati kosa ni la balbu.

“Mbao halisi ndiyo bora, vingine vyote ni bandia”

Mbao ni kitu kinachopumua. Hewa ikiwa na unyevu inavimba, hewa ikikauka inasinyaa, na mwendo huo hutokea zaidi kwenye upana kuliko kwenye urefu. Ndiyo maana mafundi wa zamani walitengeneza mlango kwa fremu, na katikati wakatia ubao uliolegezwa kwenye mfereji wake ili upate nafasi ya kutanuka. Lakini mlango unaopendwa katika mtindo huu ni bapa, usio na fremu. Ukiutengeneza kwa mbao ngumu tupu, usishangae ukipinda.

Kinachofaa hapo ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao halisi, iliyobandikwa juu ya plaiwudi au emdiefu (MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi). Ibandikwe pande zote mbili za mlango, mbele na nyuma. Ikibandikwa upande mmoja tu, mlango utavutwa upande huo. Wala hii si njia ya mkato ya watu wa siku hizi. Alvar Aalto, msanifu wa Ufini, alijijengea jina kwa samani za plaiwudi ya birchi, mti wa mbao nyepesi wa huko kaskazini, tangu miaka ya 1930. (Ufini, kwa wanaopenda usahihi, ni nchi ya Nordiki, yaani ya kaskazini mwa Ulaya, lakini kwa kawaida haihesabiwi ndani ya Skandinavia yenyewe. Majikoni hakuna anayeijali tofauti hiyo.)

Chipubodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, nayo inasemwa vibaya kupita inavyostahili. Adui yake ni maji, na maji huingilia kingoni. Kabla ya kulipa, piga magoti uangalie ukingo wa chini wa mlango, nyuma ya droo, na tundu lililokatwa kupitisha bomba la sinki. Zote zikiwa zimezibwa, kabati litakufaa miaka mingi. Zikiwa wazi, ubao utavimba, na chipubodi iliyovimba hairudi ilivyokuwa. Uliza pia kiwango cha formaldehaidi, gesi inayotoka kwenye gundi ya mbao hizi. Alama ya E1 ni ya viwango vya Ulaya na inamaanisha kiasi chake kimewekewa kikomo.

“Mbao nyepesi itabaki nyepesi”

Haibaki. Msonobari huanza na rangi ya maziwa na kuelekea kwenye rangi ya asali, na vanishi yenye mafuta huharakisha safari hiyo. Wanaotaka weupe wa mbao udumu hutumia lakeri ya maji (rangi angavu ya kufunika mbao), au mafuta yaliyotiwa chembe za rangi nyeupe. Huko Denmark kuna desturi ya kusugua mbao za mwaloni na za mti uitwao bichi (beech) kwa maji ya sabuni ya chengachenga. Mbao hubaki na mguso laini, usiong'aa, mguso ambao lakeri haiwezi kuuiga. Ila sabuni haizuii madoa sawasawa na inahitaji kurudiwa mara kwa mara. Karibu na sinki au jiko la kupikia, mimi nisingeithubutu.

“Usahili ni kuwa na makabati machache”

Hapa watu hukosea kinyumenyume. Kaunta iliyo tupu haimaanishi mwenye nyumba hana sufuria. Maana yake kila sufuria ina pa kulala. Jiko sahili lahitaji nafasi ya kuhifadhia kubwa kuliko jiko la kawaida, wala si ndogo.

Waskandinavia na majirani zao waliichukulia kazi ya jikoni kama jambo la kupimwa. Mwaka 1944 Uswidi ilipata taasisi ya utafiti wa mambo ya nyumbani, na wataalamu wake wakachunguza jinsi mpishi anavyosimama, anavyoinama na anavyonyoosha mkono. Miaka hiyo hiyo Maiju Gebhard wa Ufini alibuni kabati la kukaushia vyombo: linakaa juu ya sinki, halina sakafu, ndani yake mna vichanja vya waya, na maji yanadondoka yenyewe sinkini. Unafunga mlango na vyombo vyote vimepotea machoni. Huo ndio usahili ninaouelewa mimi.

Kwa hiyo hesabu vyombo vyako kabla ya kuchora chochote. Chini ya kaunta weka droo badala ya milango, kwa sababu droo inakuletea cha nyuma mkononi, ilhali kabati la mlango linakulazimisha kupiga magoti na kupapasa gizani. Hakikisha reli zake ni za kutoka nzima, yaani zinaiacha droo yote itoke nje. Juu, pandisha makabati hadi darini ukiweza; ile nafasi inayobaki huwa makao ya vumbi na mafuta, na hakuna anayepanda kuifuta.

“Rafu za wazi ndizo roho ya mtindo huu”

Rafu moja, mbali na moto, yenye vyombo vinavyooshwa kila siku, sawa. Ukuta mzima wa rafu ni kazi ya kufuta mafuta maisha yako yote.

“Kishikio kinaharibu”

Vishikio vya mbao, vya shaba nyeupe na hata vya ngozi ni vya kawaida katika mtindo huu. Milango ya kusukuma ili ifunguke inavutia dukani, lakini kila siku unaigusa usoni kwa vidole vyenye mafuta, na rangi iliyokolea isiyong'aa huonyesha kila alama.

“Mlango bapa ni rahisi, fundi yeyote ataweza”

Pambo husaidia kuficha makosa, na mlango bapa hauna pambo. Macho yanabaki na kitu kimoja tu cha kutazama: mistari ya nafasi kati ya mlango na mlango. Ikiwa moja ina milimita 2 na inayofuata ina 4, utaiona kila unapoingia jikoni. Ukichagua vinia, mwambie fundi kabla hajakata kwamba nyuzi za mbao ziendelee kutoka droo ya juu hadi ya chini kana kwamba ni ubao mmoja. Akishakata, hapo hapana marekebisho.

Pesa uliyookoa kwenye mapambo iweke kwenye bawaba na reli. Bawaba nzuri za ndani zina skrubu za kurekebisha: moja huusogeza mlango kulia na kushoto, nyingine huuingiza na kuutoa, nyingine huupandisha na kuushusha. Milango ikishabeba uzito wake kwa wiki kadhaa italegea kidogo, kwa hiyo mkubaliane mapema na fundi kwamba atarudi na bisibisi yake, na siku hiyo simameni pamoja mlangoni mwa jiko muitazame mistari.