Bastola ya Kujikinga na Dubu Alaska: Kuichagua, Kuirekebisha na Kuiacha Ilivyo

Wateja wengi wanaofika katika karakana yangu hapa Anchorage kuulizia bastola ya dubu huanza na nguvu: wanataka risasi kubwa kuliko zote ambazo mkono wa mtu unaweza kuzistahimili. Mimi huwarudisha kwenye swali jingine, nalo ni risasi ya pili itatoka baada ya muda gani, na itapiga wapi. Dubu kahawia akija kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao anaumudu hata vichakani, humaliza mita 30 kwa sekunde mbili na ushei. Ndani ya muda huo mtu anapaswa kutambua kinachomjia, kuchomoa bastola, kulenga na kufyatua, ilhali ana mzigo mgongoni, pengine na fimbo ya kuvulia mkononi. Bastola iliyoteuliwa bila kuzihesabu sekunde hizo imeteuliwa kwa ajili ya mazungumzo ya barazani.

Ninaandika zaidi kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa Alaska na Montana, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, ambao sasa wanakwenda mtoni kuvua samoni na milimani kuchuma matunda ya porini. Huko ndiko dubu naye anakotafuta chakula, katika misimu ileile.

Kabla ya bastola kuna kopo la pilipili ya kupuliza, na asiyelibeba simuuzii maneno ya bastola. Mtafiti wa dubu Tom Smith na wenzake walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa matukio ya Alaska ya mwaka 1985 hadi 2006, wakakuta kwamba pilipili ilikomesha mwenendo usiotakiwa wa dubu kahawia kwa asilimia 92. Uchambuzi wao wa mwaka 2012 kuhusu silaha za moto ulizipa bastola mafanikio ya asilimia 84 na bunduki ndefu asilimia 76. Watu hupenda kuzishindanisha takwimu hizo, lakini matukio yenyewe hayafanani, kwa kuwa yale ya pilipili yanajumuisha pia dubu waliokuja kwa udadisi tu. Ninachokichukua mimi ni kwamba vyote viwili vina nafasi yake: kopo ndilo la kwanza, na bastola ni ya wakati ambapo upepo unakupuliza usoni, au dubu amekwisha kufika.

Sasa tuje kwenye kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka kutoka mtutuni, kwa sababu ndicho kinachofanya kazi na bastola ni chombo cha kukifikisha tu. Risasi za kujihami dhidi ya binadamu, zile zenye tundu mbele, zimeundwa zipanuke zikishaingia mwilini ili zisitokee upande wa pili na kumdhuru mpita njia. Kwa dubu sifa hiyo inageuka kuwa kasoro, maana risasi inayopanuka mapema huishia katika mafuta na misuli kabla ya kufika kwenye ubongo au uti wa mgongo, na hizo ndizo sehemu mbili pekee ambazo zikipigwa dubu husimama papo hapo. Dubu aliyepigwa moyo bado ana sekunde kadhaa za uhai, na sekunde hizo zinamtosha kabisa. Fuvu lake limeinamia nyuma na limefunikwa na misuli minene, na ubongo uko chini na nyuma zaidi kuliko anavyodhani mtu anayemtazama uso kwa uso. Kinachohitajika basi ni kichwa kigumu kisichobadilika umbo, ama cha madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni, ama cha shaba tupu, chenye uso bapa unaokisaidia kushika mstari ulionyooka hata kikikutana na mfupa.

Mwaka 2016 mwongozaji mkongwe wa wawindaji wa Alaska, Phil Shoemaker, alimuua dubu kahawia aliyewavamia yeye na wageni wake kwa bastola ndogo ya milimita 9 iliyopakiwa risasi ngumu za aina hiyo. Habari hiyo huletwa karakanani kama ushahidi kwamba milimita 9 inatosha. Mimi naiona kuwa ushahidi wa kichwa cha risasi, na wa mkono uliokuwa umezoea dubu kwa miongo mingi, na sifikirii kwamba mteja wangu anaweza kuununua ule wa pili.

Kiwango cha chini ninachokipendekeza ni risasi ya 10mm Auto, iliyoingia sokoni mwaka 1983, ikiwa na kichwa cha gramu 13 hadi 14 (namba katika majina haya hutaja takriban upana wa risasi, kwa milimita au, ikianza na nukta, kwa sehemu za inchi). Juu yake iko .44 Magnum ya mwaka 1955, ambayo hurusha kichwa cha gramu 19 kwa mwendo wa karibu mita 390 kwa sekunde na ambayo bado ndiyo kipimo cha nyingine zote. Halafu inakuja .454 Casull, na mwishoni .500 Magnum ya Smith & Wesson iliyotolewa mwaka 2003, ambayo rivolva yake (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ya mtutu wa inchi 4 ina uzito wa takriban kilo 1.6 kabla ya kupakiwa. Hiyo ya mwisho nimeiona ikirudi kuuzwa mara nyingi, ikiwa bado inang'aa na sanduku la risasi likiwa limepungua risasi chache tu.

Uzito ndio unaowadanganya wengi, kwa pande zote mbili. Kwa risasi ileile, nguvu ya teke ambayo bastola inakupiga nayo mkononi huongezeka kadiri bastola inavyopungua uzito. Rivolva ya chuma ya .44 yenye kilo 1.3, kama Ruger Redhawk, inampiga mtu teke. Ile ya skandiamu na titani yenye gramu 700 hivi inampiga karibu mara mbili ya hilo. Mtu huinunua ile nyepesi kwa kuwa haimchoshi njiani, akaifyatua mara sita, kisha asirudi tena kufanya mazoezi. Ubaya mwingine umejificha ndani ya silinda. Teke linapoirudisha bastola nyuma kwa ghafla, maganda ya risasi zilizobaki hurudi nayo huku vichwa vyake vikitaka kubaki palepale, na kichwa ambacho hakikubanwa vizuri huchomoka taratibu mpaka kikatokeza mbele na kuifunga silinda isizunguke. Kipimo chake ni rahisi, nacho hufanywa uwanjani: pakia risasi sita, pima urefu wa moja kwa kalipa, kile kifaa cha vipimo vidogo, na uitie alama, fyatua tano nyingine, kisha uipime tena ile ya sita. Ikiwa imerefuka, risasi za aina hiyo hazifai kwa bastola hiyo, hata kama zinafaa kwa nyingine yenye jina lilelile.

Kuhusu rivolva dhidi ya bastola ya magazini, ile inayolishwa risasi kutoka kibweta kilicho mpinini, sina ushabiki. Rivolva hufyatuka hata mtutu ukiwa umekandamizwa kwenye mwili wa mnyama aliyekulalia, wakati bastola ya magazini ikisukumwa namna hiyo sehemu yake ya juu hurudi nyuma kidogo na inaweza kugoma. Kwa upande mwingine, Glock 20 ya milimita 10 hubeba risasi 15, teke lake linavumilika, na mtu wa kawaida anapata risasi tatu zenye shabaha ndani ya muda ambao rivolva ya .44 ingempa moja na nusu. Askari wa doria ya Sirius wa Denmark, wanaozunguka Greenland kwa mbwa na sileji, wanaibeba hiyohiyo kwa ajili ya dubu weupe.

Nifike kwenye marekebisho, ambayo ndiyo kazi yangu, na ambayo mengi ninayoombwa huyakataa.

La kwanza ninalolifanya kwa furaha ni kilengeo cha mbele. Kile cheusi kinachotoka kiwandani hupotea kabisa kwenye manyoya ya kahawia kivulini, hivyo nakibadilisha kwa chenye rangi ya chungwa kali au uzi wa mwanga, na asiye na fedha namwambia apake rangi nyeupe ya kucha kwanza na juu yake ya chungwa. Kwenye Glock navitoa vilengeo vya plastiki na kuweka vya chuma. Vioo vyenye nukta nyekundu ni vizuri kwa aliyefanya navyo mazoezi mengi, ila mvua na theluji hukaa juu ya kioo, na anayeanza hupoteza muda akiitafuta nukta.

La pili ni kishikio. Kishikio cha mpira kinachofunika chuma cha nyuma ya mpini hupunguza maumivu ya kiganja kuliko hila nyingine yoyote ya bei hiyo. Kinapaswa kujaribiwa kwa glavu zilezile zitakazovaliwa njiani, kwani kishikio kinene kwa kiganja kidogo huufanya mkono uzunguke na kidole kikafikia kifyatulio kwa ncha tu.

La tatu ndilo lenye mabishano. Kifyatulio cha rivolva kikivutwa bila nyundo kukokwa kwanza ni kizito, na wateja wanataka niweke springi laini. Nakubali kulainisha nyuso za vyuma vinavyosuguana ndani, kazi ya jiwe la mafuta na subira, lakini springi ya nyundo naiacha kama ilivyotoka kiwandani. Nyundo inayosukumwa na springi dhaifu huipiga fataki iliyo kitakoni mwa ganda kwa nguvu ndogo, na baadhi ya fataki ni ngumu kuliko nyingine. Uwanjani wakati wa kiangazi bastola hiyo itafanya kazi siku nzima. Baridi ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri, mafuta ya kulainishia yanakuwa mazito, nyundo inakwenda polepole zaidi, na unasikia mlio wa chuma bila mlipuko. Kwa sababu hiyohiyo, bastola ya majira ya baridi naifuta mafuta mazito yote na kuirudishia utando mwembamba wa mafuta yaliyotengenezwa kwa baridi.

Matundu ya kutolea gesi kwenye ncha ya mtutu siyachimbi kwa bastola ya kazi hii. Ni kweli yanapunguza kupanda kwa mtutu, lakini yanaielekeza gesi ya moto na chembe za baruti juu, na mtu aliyeangushwa chali akafyatua bastola karibu na kifua chake atazipokea usoni. Mlio nao huongezeka, na hakuna anayevaa vizibo vya masikio akivua samaki.

Kwa Glock 20 nabadilisha springi ya kurudishia sehemu ya juu kwa nzito kidogo ikiwa mteja atatumia risasi kali. Mteja akishikilia risasi za madini laini yasiyovikwa shaba, naweka mtutu wenye mifuo ya kawaida (mifereji ya ndani inayoizungusha risasi), kwa sababu mtutu wa asili wa matoleo mengi una mifuo ya mviringo inayokusanya madini hayo upesi.

Rivolva za .44 Magnum hufyatua pia .44 Special, na za .454 hufyatua .45 Colt, jambo linalofaa sana kwa mazoezi ya bei nafuu yasiyoumiza. Ila ganda fupi huacha pete ya masizi ndani ya chumba cha risasi, na ganda refu likija baadaye linakwama hapo. Safisha vyumba vyote kabla ya safari, kisha vijaribu kwa risasi zilezile utakazobeba.

Ala iwe ya kifuani. Ile ya kiunoni hugombana na mkanda wa begi na kufunikwa na suruali ndefu za kuvulia, na bastola iliyo ndani ya begi haipo.

Kuhusu sheria, mwenye viza ya muda haruhusiwi kumiliki silaha ya moto Marekani isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa leseni ya uwindaji. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa. Anayesafiri kwa gari kati ya Alaska na majimbo mengine asahau kupita Kanada na bastola yake. Na ukimuua dubu Alaska kwa kujitetea, sheria inakutaka umchune, ukabidhi kwa idara ya wanyamapori ya jimbo ngozi ikiwa na kucha zake pamoja na fuvu, na ujaze fomu ya maelezo ndani ya siku 15. Utetezi huo haukubaliki ikiwa wewe ndiye uliyemchokoza, au uliyeacha samaki na takataka kambini vikamvuta.