Je, wajua? Hisa za mfuko zinaweza kukopwa na kuuzwa kuzidi zilizopo

Kuna mfuko wa Marekani uitwao XRT, ulioanzishwa mwaka 2006 na unaosimamiwa na kampuni ya State Street. Ni ETF, yaani mfuko wa uwekezaji ambao vipande vyake huuzwa na kununuliwa sokoni siku nzima kama hisa za kampuni yoyote. Ndani yake mna hisa za wauzaji wa rejareja: maduka ya nguo, ya vyakula, ya vipuri vya magari, ya mtandaoni. Si mara moja wala mbili takwimu zimeonyesha kuwa hisa za XRT, yaani vipande vyake, zilizokopwa na kuuzwa ni nyingi kuliko hisa zote ambazo mfuko umetoa. Asilimia mia na kitu, na nyakati nyingine mia kadhaa.

Anayekutana na takwimu hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kuna wizi, au soko zima limeapa kwamba maduka ya Marekani yanakufa. Mara nyingi si hili wala lile.

Tuanze na gunia la mahindi. Ni Machi, mahindi yameadimika, gunia ni shilingi 100,000. Asha hana gunia, ila anaamini mavuno yakiingia bei itaanguka. Anakopa gunia kwa Mzee Salum, anamuuzia Juma, fedha anaiweka. Agosti gunia linashuka hadi 60,000. Ananunua moja, anamrudishia mzee na kijizawadi juu, zilizobaki ni zake. Lakini mvua zikigoma na gunia likafika 180,000, atalinunua hivyo hivyo huku analia, kwa sababu deni lake ni gunia, si fedha. Bei ikianguka mwisho wake ni sifuri. Ikipanda haina dari.

Kwenye soko la hisa, Mzee Salum ni mfuko wa pensheni au dalali mkubwa mwenye hisa zilizolala. Hatoi bure: huchukua dhamana, Marekani kwa kawaida asilimia 102 ya thamani ya hisa, na ada juu yake. Gawio likitoka, aliyekopa hulilipa kutoka mfukoni mwake. Hisa zote zilizouzwa namna hii na hazijarudishwa, hapa nitaziita deni la hisa.

Na hapa Kiswahili kinatusaidia. Jembe huliazimi ukarudisha jembe jingine. Unarudisha lile lile. Sukari unaikopa: kikombe umekunywa chai, utarudisha kikombe kingine. Hisa ni sukari, si jembe. Gunia la Mzee Salum limeshauzwa, na Juma ni mwenyewe halali. Kesho jirani akija kulikopa kwa Juma na kumuuzia Neema, gunia ni lile lile moja, lakini madeni ni mawili. Deni la magunia ni asilimia 200 ya magunia yaliyopo, na hakuna aliyemwibia mtu. Hesabu ya kuzidi mia moja inaanzia hapo, iwe ni kwa kampuni au kwa mfuko.

Tofauti ni kwamba kampuni haitoi hisa mpya kila asubuhi. ETF inatoa. Taasisi kubwa zilizoidhinishwa hukusanya kapu la hisa zilizomo kwenye mfuko, hulikabidhi, na kupewa vipande vipya vya mfuko, mara nyingi 50,000 kwa mkupuo. Zikitaka hugeuza njia: hurudisha vipande, vikafutwa, nazo zikachukua kapu. Ndiyo maana bei ya mfuko haiachani sana na thamani ya vilivyomo ndani.

Sasa mweke katikati mchuuzi mkubwa wa sokoni, yule ambaye kazi yake ni kuwa tayari kuuza mtu akitaka kununua. Wateja wanataka vipande 20,000. Yeye hana, lakini kanuni za Marekani humruhusu mfanyabiashara wa aina yake kuuza kwanza, hata kabla ya kutafuta pa kukopa. Hana haja ya kukimbilia kutengeneza mkupuo mzima. Anangoja wanunuzi waongezeke hadi vipande 50,000 vitimie. Katika siku hizo chache anahesabiwa kuwa na deni la hisa. Je, anaamini bei itaanguka? Hana habari na bei. Kilichomwelemea ni wanunuzi kuwa wengi, kinyume kabisa na vile takwimu inavyosomwa na wengi.

Yupo pia mwenye kujikinga. Ameipenda kampuni moja ya viatu, anaona itawapiku wenzake, ila anaogopa uchumi ukiyumba maduka yote yatashuka pamoja. Ananunua hisa za kampuni hiyo na kuuza XRT ya kukopa. Sekta ikianguka, hasara ya viatu inafidiwa na faida ya XRT. Kwenye takwimu ataonekana adui wa maduka, ilhali ni shabiki wa mojawapo. Kwangu mimi hili ndilo kosa kubwa la wasomaji wa takwimu hizi: kwa kampuni moja, deni kubwa la hisa huwa ni alama ya watu kuikatia tamaa, kwa mfuko huwa zaidi alama ya chombo kinachotumika sana.

Januari 2021 mambo haya yote yalikutana mahali pamoja. Deni la hisa la GameStop, muuzaji wa michezo ya video, lilipita asilimia 120 ya hisa zilizo mikononi mwa umma. Wawekezaji wadogo wakashikana mitandaoni wakanunua, bei ikatoka chini ya dola 20 mwanzoni mwa mwezi ikagusa dola 483 tarehe 28. Melvin Capital, kampuni ya uwekezaji, waliokuwa wameuza hisa hizo za kukopa, walipoteza asilimia 53 mwezi huo mmoja. XRT huzipa kampuni zake uzito unaokaribiana, kila moja kama asilimia 1 hivi, lakini GameStop ilivimba hadi karibu asilimia 20 ya mfuko mzima. Kukopa hisa zake moja kwa moja kulikuwa ghali, hivyo palikuwa na mlango wa uani: uza XRT ya kukopa, nunua kampuni zote nyingine zilizomo, na kinachobaki ni dau dhidi ya GameStop peke yake.

Wakati huo huo vipande vya XRT vilirudishwa kwa wingi na kufutwa, na hapo asilimia hucheza mchezo wake. Tuseme mfuko una vipande milioni 10 na deni la milioni 5: asilimia 50. Vipande milioni 7 vikifutwa, vinabaki 3. Deni ni lile lile milioni 5, hakuna aliyekopa hata kimoja zaidi, lakini takwimu sasa inasoma asilimia 167.

Kwa nini basi mfuko haulipuki kama GameStop? Mwenye deni la GameStop hana pa kwenda isipokuwa kwa aliye nayo, na huyo anaweza kumkamua. Mwenye deni la XRT, vipande vikiadimika, anaweza kupitia taasisi iliyoidhinishwa kupeleka kapu la hisa na kutengenezewa vipya vya kurudisha. Kubanwa kupo, hasa pale hisa za ndani zenyewe zikiwa ngumu kupatikana, ila mlango wa kutokea haufungwi kabisa.

Takwimu zenyewe Marekani hutangazwa mara mbili kwa mwezi, zikionyesha hali ya siku moja katikati ya mwezi na siku nyingine mwishoni, na huwafikia watu siku kadhaa baadaye. Kwa mfuko ambao vipande vyake huzaliwa na kufutwa kila siku, huenda hesabu iliyo mbele yako ina deni la juzi likigawanywa kwa vipande ambavyo leo nusu yake havipo.