Kabla Fundi wa Sola Hajapanda Paani

Fundi akifika na paneli garini kabla hajauliza nyumba yako inatumia nini, mzuie kwanza. Kazi ya sola huanza na karatasi na kalamu: kila kifaa, wati zake, na saa kinazowashwa kwa siku. Taa tano za wati 9 zikiwaka kwa saa 5 hutumia wati-saa 225 (wati mara saa). Pasi ya wati 1,000 humaliza kiasi hicho kwa dakika zisizofika 14. Wengi wanaolalamika kwamba sola haina nguvu hawakufanyiwa hesabu hii, na inasikitisha, kwa sababu haigharimu kitu.

Kisha akague paa, hasa kivuli. Paneli zilizounganishwa kwa mfululizo hupitisha mkondo mmoja, hivyo kivuli cha tangi au tawi kikiangukia paneli moja tu kinaweza kushusha umeme wa safu nzima. Kusini mwa ikweta paneli huelekezwa kaskazini. Kaskazini mwa ikweta, kusini. Hata karibu na ikweta zisilazwe bapa kabisa, ili mvua ioshe vumbi.

Kwa nyumba ya kawaida, ufungaji wenyewe huchukua siku moja hadi tatu. Angalia skrubu: ziingie kwenye mbao za paa, si kwenye bati peke yake, na kila tundu lizibwe lisivuje. Kati ya paneli na bati ibaki nafasi ya hewa kupita, maana paneli ikipata joto hupungukiwa nguvu. Waya wa athi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, usikubali uachwe. Watoto wakae mbali na nyaya, kwani paneli iliyopigwa na jua ina umeme hata swichi kuu ikizimwa.

Jambo moja huwashangaza wengi: mfumo uliounganishwa na gridi (nyaya za umeme wa shirika), usio na betri, hujizima gridi inapokatika. Si ubovu. Umewekwa hivyo ili umeme wako usirudi kwenye nyaya ambazo fundi wa gridi anazishika akijua zimezimwa.

Usimalizie malipo kabla vifaa vyote havijawashwa mbele yako, hujaonyeshwa jinsi ya kuzima mfumo wakati wa hatari, na hujapewa hati za dhamana za paneli, betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika na vifaa vya nyumbani), kila moja na muda wake. Mwombe pia achore mchoro wa nyaya aubandike karibu na inveta. Atakayekuja kurekebisha miaka ijayo huenda asiwe yeye.