Kitabu cha mke wa rais: tunayoyasema kabla ya kukifungua

Nakala ya Becoming, kitabu cha Michelle Obama, tuliyokuwa nayo kwenye kikundi chetu cha kusoma ilikuwa moja tu, nayo ilizunguka kwa watu saba kuanzia Sinza mpaka Mbagala. Ilipomrudia mwenyewe ilikuwa na doa la chai jaladani na kurasa kadhaa zimekunjwa ncha. Hukumu, hata hivyo, zilikuwa zimeshatolewa zamani, nyingine na watu ambao zamu yao ya kusoma ilikuwa haijafika. Nazikumbuka karibu zote, kwa sababu mbili nilizitoa mimi.

Dhana: Humo mna siri za Ikulu

Wa kwanza kukichukua, dada mmoja mhasibu wa Kariakoo, alikirudisha baada ya siku nne. "Nimefika ukurasa wa mia, Ikulu siioni!"

Asingeiona. Kitabu kina sehemu tatu, na maisha ya Ikulu yamewekwa katika ya tatu. Kabla ya hapo kuna mtaa wa South Shore, Chicago. Kuna baba yake, Fraser Robinson, aliyefanya kazi kwenye mitambo ya maji ya jiji huku maradhi yakimnyang'anya miguu taratibu. Kuna Princeton, kuna Harvard, kuna ofisi ya mawakili ambako mwaka 1989 alikabidhiwa mwanafunzi wa sheria wa kumwelekeza kazi, kijana aitwaye Barack. Halafu kuna mimba iliyoharibika, na mabinti wawili waliopatikana kwa kupandikiza mimba.

Hapo ndipo wasomaji wengi waliponasa, na sisi pia. Kwetu mambo haya husemwa kwa sauti ya chini, tena mara nyingi na wifi, si na aliyekutwa nayo. Jumamosi tuliyofika sura ile, mama mmoja wa makamo ambaye tangu tuanze alikuwa msikilizaji tu alisema, "Mimi zilitoka mbili." Akaendelea kumenya chungwa lake. Kitabu hakikufunguliwa tena jioni hiyo.

Wenye kiu ya siri wapo waliohudumiwa, ila si na Michelle. Septemba 2014 Valérie Trierweiler, aliyekuwa mwenzi wa Rais François Hollande wa Ufaransa bila ndoa, alitoa kitabu kuhusu maisha yao na jinsi yalivyovunjika. Wahakiki wakakikunjia pua, na baadhi ya maduka ya vitabu yakabandika matangazo kwamba hapa hakiuzwi. Nakala 200,000 za toleo la kwanza ziliisha kwa siku chache.

Dhana: Kizuri chajiuza, ndiyo maana kimeuzika

Hii ilikuwa yangu. Becoming ilitoka tarehe 13 Novemba 2018, na siku hiyo moja, Marekani na Kanada pekee, zikahesabiwa nakala 725,000. Niliitaja namba hiyo kama mtu anayefunga kesi. Kijana mmoja mwanafunzi akaniuliza, kwa adabu zote: "Shangazi, siku ya kwanza ni nani alikuwa ameshakisoma?"

Sikuwa na jibu. Namba ile, yenye hata maagizo ya kabla, inapima watu walivyompenda yeye. Kitabu chenyewe kilikuwa hakijapimwa. Na hakikujiuza: usiku huohuo mwandishi alikuwa jukwaani Chicago na Oprah Winfrey, kwenye ukumbi wa kuchezea mpira wa kikapu, akianza ziara ya miji mingi. Methali inasema kibaya ndicho chajitembeza. Siku hizi vyote viwili vinatembezwa.

Maoni ya wasomaji nayo yana ugonjwa huohuo. Anayempenda mume anampa mke sifa zote. Asiyempenda mume anakiita takataka, na ukimuuliza ni sura gani iliyomuudhi anakutajia uchaguzi.

Dhana: Wahakiki kazi yao kuponda

Au kusifu, inategemea unaongea na nani. Isabel Wilkerson, aliyewahi kuandika kitabu kizima kuhusu Wamarekani weusi waliohama kusini kwenda miji ya kaskazini, aliihakiki Becoming kwenye gazeti la New York Times na akaiweka familia ya Robinson ndani ya uhamaji ule. Mimi nilikuwa nimesoma habari za babu zake Michelle nikaziona za kifamilia tu. Baada ya kumsoma Wilkerson nilizirudia, na zikawa historia ya watu mamilioni. Huko si kuponda wala kusifu.

Wapo pia waliolalamika kwamba sera na vita vya mumewe kavipita kwa mbali. Nakubaliana nao nusu. Aliyeishi miaka minane ndani ya nyumba ile alikuwa na la kusema zaidi ya bustani yake ya mboga. Lakini kumdai mke hesabu za mume ni kumrudisha jikoni kwa mlango mwingine.

Dhana: Kaandikiwa huyo

Kusaidiwa kuandika ni jambo la kawaida kwenye vitabu vya wakubwa, wake na waume. Ugomvi huja msaidizi anapofichwa. Hillary Clinton alilaumiwa mwaka 1996 kwa kutomtaja Barbara Feinman aliyemsaidia kitabu kilichotoka mwaka huo. Kumbukumbu zake za 2003 zikatoka na shukrani zenye majina ya wasaidizi. Tena, mkono wa mtu hauzuii kitabu kuwa na sauti ya mwenyewe: anayenyoosha sentensi hakukulia South Shore.

Dhana: Anajisafishia njia agombee

Michelle ameandika mwishoni kwamba hana nia ya kugombea, kamwe. Waliotaka agombee walisoma hapo wakaendelea kumsubiri.

Dhana: Ni fasheni ya juzi

Helen Taft, mke wa Rais William Taft, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1914. Julia Grant, mke wa Rais Ulysses Grant, alikuwa ameandika zake kabla yake, ila alifariki 1902 na zikachapishwa 1975. Karne nzima na zaidi, basi.

Kwetu tumeshapata vitabu vya marais: cha Mkapa kilizinduliwa hapa Dar 2019, cha Mzee Mwinyi 2021. Jumamosi ya mwisho tuliulizana ni mama gani tungetaka kumsoma. Yule wa machungwa hakufikiri hata kidogo. Mama Maria Nyerere, alisema. "Nataka sura moja tu. Mwalimu alipoacha mshahara wa kufundisha Pugu, mwaka 55, nyumbani ilipikwa nini?"