Uvundo wa mashine ya unyevu hauondolewi na manukato
Wengi huamini kuwa mashine ya kuongeza unyevu chumbani ikinuka uvundo, matone ya manukato kwenye maji yanatosha. Manukato hufunika harufu tu. Chanzo ni maji yaliyolala: bakteria na kuvu hujenga utando ndani ya tangi. Pitisha kidole, kikiteleza, utando upo. Chomoa umeme, mwaga maji, tia siki nyeupe ifunike kitako kwa dakika 20, sugua kwa brashi laini, suuza vizuri, acha wazi ikauke. Maji yabadilishwe kila siku. Tena hewa ya Dar es Salaam ina unyevu wa kutosha bila mashine. Kipimo cha unyevu kikizidi asilimia 60, izime, maana hapo hata mapazia na godoro huanza kuvunda.